Mtu wa Kuazimwa

Kosa lilikuwa la neno moja, na aliyelisema ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimesimama nje ya uwanja wa saruji huko Nampula, simu sikioni, namweleza mama yangu aliyekuwa kwetu Quionga kwa nini sipo tena Pemba, ile ya kwetu Msumbiji, si kisiwa. Klabu ya Pemba iliyonisajili kucheza mpira wa kikapu ilikuwa imenitoa kwa klabu ya Nampula kwa msimu mmoja. Kwenye karatasi waliandika kwa Kireno: emprestado. Nikatafuta neno la Kiswahili la kumpa mama, jua linanichoma utosi, salio linakwisha, nikasema, "Mama, nimeazimwa."

 

"Umeazimwa," akasema. "Na nani?"

"Na hawa wa Nampula."

"Na wale wa Pemba wamekubali?"

"Wamekubali."

"Na mimi je? Nani kaniuliza?"

Nilicheka, mjinga mimi. Sikujua kuwa neno hilo ningelibeba miaka kumi na sita, mji kwa mji, pamoja na viatu vyangu vikubwa ambavyo havikuingia kwenye begi lolote.

Ili mtu anielewe inabidi kwanza amjue mama na mbuzi yake ya nazi. Marehemu baba ndiye aliyemchongea kibao chake, na meno yake yalikuwa makali hata nusu ya mtaa walikuwa hawakuni nazi pengine. Asubuhi ilikuwa kwetu, adhuhuri ilikuwa nyumba ya tatu, jioni haijulikani. Mama hakumnyima mtu. Lakini alikuwa na sheria zake, na nyumba zote zilizijua. Aliyeazima arudishe mwenyewe, asimtume mtu. Airudishe imeoshwa. Na ikiwa imepata dosari mikononi mwake, aseme kabla hajaulizwa: "Niwie radhi." Hapo mama angeipokea, angeigeuza huku na huku, angeifuta meno kwa pindo la kanga, angeitundika kwenye msumari wake, na kusema, "Imefika." Basi. Hata kama kibao kimepasuka, hungesikia tena habari yake. Ila yule aliyeiacha mlangoni kimya kimya huku jino limepinda, loo! Huyo angeitikiwa salamu kwa ncha ya mdomo mpaka Idi.

Sasa mwanawe ameazimwa. Kwa mama sheria zilikuwa zile zile.

Kila msimu ukiisha alinipigia. "Wamekurudisha?"

"Bado, mama. Wamenipeleka Quelimane."

"Ebo! Kitu cha kuazima, unamwazimaje mwenzio?"

Nilijaribu kumweleza kuwa wa Nampula walinirudisha Pemba kwenye karatasi, na Pemba hiyo hiyo ikanitoa tena, kwenye karatasi. Akaniuliza kama nililala Pemba hata usiku mmoja. Nikasema hapana. "Basi hukurudishwa," akasema, na hoja yangu ikaishia hapo.

Kisimani kwetu neno hilo lilimletea ugomvi. Jirani yetu mmoja, bibi mkubwa kuliko mama, alimwambia mbele za watu: "Mtu haazimwi, mwenzangu. Mtu si sufuria. Zamani hapa pwani walikuwapo watu wakiazimwa, na sote tunajua walikuwa nani. Usimtaje mwanao hivyo." Mama alirudi nyumbani ndoo nusu, akanipigia simu kwa hasira. Akataka neno jingine. Sikuwa nalo. Mpaka leo sinalo.

Kazi yenyewe nayo sijui niielezeje. Watu wakisikia mtu alilipwa kucheza mpira hudhani alikuwa mtu mkubwa. Mimi nilikuwa mtu mrefu tu, na kati ya mambo hayo mawili pana tofauti. Ufundi sikuwa nao mwingi. Nilichokuwa nacho ni faulo tano. Kila mchezaji hupewa faulo tano katika mechi kabla ya kutolewa, na makocha wangu wote, saba kama sikosei, walizitumia zangu zote. Timu pinzani ikiwa na mchezaji hatari, kocha alinigeukia kwenye benchi na kuniambia kwa upole kabisa, "Nenda kamchokoze." Naingia, nampiga kumbo, nashika mkono, nasukuma kifua, filimbi inalia, watu wananizomea. Dakika sita, saba, faulo zangu zimekwisha. Narudi kukaa, naweka taulo kichwani. Ndiyo kazi niliyoifanya.

Jezi zote nilizovaa zilikuwa za mtu aliyeondoka. Katika mji mmoja walibandua jina lake mgongoni, lakini jua lilikuwa limekwisha kupausha kitambaa pembeni, hivyo jina likabaki linasomeka kwa rangi iliyokoza. Nilicheza msimu mzima nikiitwa kwa jina hilo, na mimi nikiitika. Vitanda vya mabweni vilikuwa vifupi. Nililala nimejikunja au miguu nimeiweka juu ya kiti. Ramadhani nilifunga, nikacheza na swaumu yangu, na mapumziko yalipoingiliana na magharibi nilifungua kwa tende moja na maji huku kocha akichora mishale kwenye ubao. Sikuwahi kumwambia mama kuwa zipo siku mbili tatu nilizokula. Nililipa baadaye.

Nilichoka mapema, ukweli ndio huo. Nilipofika miaka ishirini na tano nilikuwa nimechoka, na niliendelea kumi na mmoja zaidi. Sababu ni nini? Nilikuwa nangoja mahali pa kubaki. Nilitaka klabu moja tu iniambie, huyu ni wetu.

Kisha ukaja mwaka wa kukimbia vita. Sitaueleza; waliokuwapo wanaujua, na wasiokuwapo wameusikia. Mimi ni katika wasiokuwapo. Mama na dada yake, mama yangu mdogo, walitoka Quionga na kuvuka mto Rovuma kuingia upande wa Tanzania. Mbuzi ya nazi ilibaki kwenye msumari wake na ikaungua na nyumba. Lakini siku ile mama alikuwa ameazima mchi wa kutwangia kwa yule jirani wa kisimani, mchi mzito wa kimo cha mtu. Watu wamebeba magodoro, wamebeba kuku, mama amebeba mchi wa watu. Mama mdogo alimwambia autupe. Akasema, "Si wangu nitupe." Akaufanya mkongojo, akaenda nao hivyo hivyo porini. Aliporudi Quionga, miaka imepita, alimkuta jirani anafagia kiwanja kisicho na nyumba. Hata salamu hazijaisha, akamwambia: "Mchi wako huu hapa. Umechubuka huku juu, niwie radhi." Jirani aliukumbatia mchi akalia. Haya nimeyasikia kwa jirani mwenyewe.

Na mimi? Mimi nilikuwa Chimoio, nimeazimwa. Mama mdogo alinipigia kutoka kule ng'ambo. Sauti ilikuwa inakatika. "Njoo umtazame mama yako. Miguu imevimba hata haingii kwenye ndala. Kila anayepita mrefu anadhani ni wewe."

Nikasema, "Klabu wamenikatalia."

Akampa simu mama. Nikarudia. "Wamenikatalia, mama. Mtu wa kuazimwa hana ruhusa."

Sikuomba. Naandika hapa kitu ambacho sijamwambia mtu: sikumwendea kocha, sikumwendea kiongozi, sikuuliza hata mpishi. Wiki ile mchezaji wetu wa kati alikuwa ameumia, na kocha alinishika bega akaniambia, "Jumamosi unaanza wewe." Kuanza! Miaka kumi na miwili nakaa benchi nangoja kutumwa kuchokoza watu, leo nitaitwa jina langu mechi ikianza, nitaingia nimesimama wima. Nikajiambia nitacheza hiyo moja halafu niende. Nikacheza nne. Tulishinda mbili. Mchezaji wa kati akapona, nikarudi benchi kwangu, na mama miguu yake ikapona pia, kwa dawa za watu wengine. Sikwenda. Nilijichukia, na bado najichukia siku nyingine, hasa asubuhi.

Mama kwenye simu siku ile alisema jambo moja tu. "Basi hao watu hawana adabu. Siku nikikutana nao, watanijibu." Akaliweka hilo, na mama akiweka jambo halipotei. Kila tulipozungumza alilitoa. Hakutaka kitu chao. Alitaka mmoja wao aje mlangoni, amenishika mkono mimi, aseme: tulikuazima mwanao, tukamzuia usiku wa shida yako, niwie radhi. Nami niliiogopa siku hiyo, maana siku watu hao wangesimama mbele yake na kuulizwa, wangesema hawajui habari hiyo, na wangekuwa wanasema kweli.

Goti liliharibikia Tete. Niliruka kugombea mpira, nikatua juu ya kiatu cha mtu, goti likaenda njia yake na mimi yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Wa Tete wakasema, mambo ya matibabu waulize wenye mchezaji. Wa Pemba, wenye mchezaji, wakasema mkataba unaisha mwezi huu, kila la heri. Nilikaa katikati yao kwa wiki tatu, kisha nikaona aibu kula chakula cha bweni, nikafunga begi.

Nilifika Quionga na mkongojo wa bati. Mama alikuwa mlangoni pa nyumba mpya ya miti, anakuna nazi kwa mbuzi mpya ya dukani, butu, analalamika nayo. Akainua uso. "Shikamoo, mama," nikasema.  Alikuwa anatazama nyuma yangu, njiani, upande huu na upande huu.

"Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hawakuja?"

"Hawakuja, mama."

Ndipo akaliona goti. Akainuka polepole, mikono imejaa nazi. "Nimewaazima mtoto mzima," akasema. "Wamemrudisha amevunjika, na wameshindwa hata kuja kusema." Akalia, na mimi nikalia, tumesimama pale kiwanjani kama watu waliofiwa. Alipomaliza kufuta macho akasema, "Tutakwenda Pemba."

Nilimzuia kwa kila njia. Nilisema barabara mbaya. Nilisema klabu imehama. Nilisema viongozi wamebadilika. Alinisikiliza yote, akavuna mpunga wake, akauanika, akaupeta, na siku ulipoingia ghalani akasema, "Sasa." Usiku wa kuamkia safari alijipaka msiro, ule unga wa mti wa kulainisha ngozi, uso wote mweupe, kama anakwenda harusini. Asubuhi akaunawa, ngozi inang'aa, akavaa kanga jozi mpya. 

Ofisi ya klabu ilikuwa chumba kimoja chenye feni na vikombe vya ushindi vilivyoshika vumbi. Tulipokewa na bwana wa makamo, shati jeupe, mpole, asiyejua Kiswahili. Alimpa mama kiti na chupa ya maji. Akaniuliza jina, akalitafuta kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Ulichezea timu ya vijana?" akauliza kwa Kireno.

"Ya wakubwa."

"Zamani?"

"Mlinisajili miaka kumi na sita iliyopita. Mkataba umeisha juzi."

"Ah," akasema, akatafuta tena, kwa adabu tu. Sikuwamo. Miaka kumi na sita walikuwa ndio wenyewe, na hawakuwa wameandika mahali kwamba wana kitu chao kimoja huko kwa watu.

Mama hakuwa anajua kinachosemwa, au ndivyo nilivyoamini. Ujanani aliwahi kufua nguo kwa Wareno wa posto, ile ofisi ya serikali ya mkoloni, pale Palma, lakini siku zote alisema Kireno chote amekisahau, na sokoni alinisukuma mbele nimsemee. Aliweka chupa chini bila kuifungua.

"Mwambie mimi ndiye mwenye mtoto."

Nikamwambia yule bwana: anasema yeye ni mama yangu. Akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mwambie nilimtoa mzima."

Nikamwambia: anasema nilianzia hapa, nikiwa kijana. Akatabasamu.

Kisha mama akavuta pumzi. "Sasa muulize hili, na ulifikishe kama nilivyolisema. Nilipokuwa nimekimbia, miguu imevimba, dada yangu kapiga simu, kwa nini walikukatalia kuja kunitazama?"

Feni ilikuwa inazunguka.  Nilifungua mdomo, nikamuuliza yule bwana kwa Kireno kama ule uwanja wao wa zamani bado upo.

Alifurahi kuulizwa. Upo, akasema, lakini ubao wa upande wa barabara umeanguka, na chuma cha kikapu kimeibiwa, na wamepanga kuutengeneza, ila mambo ni mengi. Alisema kwa mikono na kwa uso wa masikitiko, kweli kweli, maana uwanja ule aliupenda. Mama alikuwa anamtazama mdomo.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema," nikaanza.  "Anasema niwie radhi."

Nikaendelea.

"Anasema, ulikuwa na shida na sikuja. Nilijua una shida. Nilitaka kucheza, nikauweka mpira mbele, wewe nikakuweka nyuma. Nimekosa. Niwie radhi, mama."

Sauti ilinipasuka, na yule bwana akaniuliza kama ni habari ya ule ubao iliyoniumiza hivyo. Nikasema ndiyo. Mama alikuwa amekwisha kuacha kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, muda mrefu, kama anayesoma barua ya maandishi mabaya.

"Nimekuwia radhi," akasema. Akainuka, akampa yule bwana mkono, akachukua chupa yake ya maji akaitia kwapani. "Twende."

Njiani alifumba macho. Nilidhani amechoka, nami nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka uwanjani. Nilijiambia, haya, nimemdanganya mama yangu mara ya pili kwa jambo lile lile, lakini angalau ametulia.

Kesho yake tulikuwa kiwanjani Quionga. Yeye amekalia mbuzi yake butu, anakuna, mimi nimenyoosha mguu kwenye mkeka.

"Yule bwana ana adabu," akasema. "Ila desculpa, ile niwie radhi ya Kireno, hakuitamka."



"Kireno si umekisahau, mama?"

"Kingine chote nimekisahau. Hilo siwezi. Ndilo neno la kwanza walilonifundisha. Sahani ikianguka jikoni nilitakiwa kusema desculpa, hata aliyeiangusha ni paka." Akageuza kifuu, akaendelea kukuna. "Nilimtazama mdomo tangu mwanzo mpaka mwisho. Halikupita."

Nilitamani goti liwe zima niinuke nikimbie. "Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Nilijua tangu ile simu ya Chimoio. Mtu akikataliwa hukasirika, hutukana, huvunja vitu. Wewe ulisema taratibu. Nilikuzaa, sauti yako siijui?"

"Miaka yote hiyo, mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia mimi, ingekuwa nimekuuliza. Nilitaka useme kabla ya kuulizwa."

"Na Pemba je? Kwa nini tukaenda mpaka Pemba, na barabara ile?"

"Hapa ungesema lini?"

 Aliacha kukuna, akakung'uta mikono, akasogea mpaka penye mguu wangu. Akalishika goti, akaligeuza kidogo huku, kidogo huku, mpaka niliposema aah. Akatoa pindo la kanga akalifuta, ingawa halikuwa na kitu.

"Umefika," akasema, na akanisukumia mbuzi nimalizie ile nazi.